Ardhi Iliyokataa Kunywa

Wangeci mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naiona kutoka hapa nilipoketi. Sanduku lako limesimama mlangoni, godoro limefungwa kamba, na viatu vyako vya kanisani umevisahau tena chini ya meza. Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Hoteli nimeifunga mapema leo. Wateja walinung'unika, nikawaambia mtoto wangu anaenda Kimana kufundisha, wakanyamaza, halafu mmoja akaanza kukuombea kabla hata ya kumaliza supu yake.

Mambo ya chandarua, ya dawa ya tumbo, ya kunipigia simu ukifika, nimeyasema mpaka umechoka, na mimi nimechoka kujisikia. Hapa nataka kukuandikia jambo moja ambalo unalijua nusu. Nusu ya pili nimekaa nayo miaka hii yote, na kila nilipotaka kukuambia kwa mdomo, ama chungu kilianza kuchemka ama wewe ulikuwa na mtihani.

Ulikuwa darasa la pili. Nilikupeleka kwa shangazi yako kule Laiser Hill, ukakaa huko mpaka ukaanza kumwita mama. Uliporudi ulikuta nyuma ya nyumba kumechimbwa kama kuna mtu alikuwa anatafuta hazina, vyumba viwili vya wapangaji vimefungwa, na Baba Saitoti, jirani yetu, hapiti tena langoni petu. Uliniuliza kwa nini. Nikakuambia, "Septiki iliharibika." Ni kweli iliharibika. Lakini si hilo tu.

Nianze na Koko Nolari, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na mahali pa kuharibu. Baba yako alipofariki, ulikuwa bado hujajua kutembea. Nilitoka Nyeri na wewe mgongoni kwa kuwa niliambiwa Kitengela kuna ploti. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anauza kipande cha shamba lake. Huyo ndiye Koko, yaani bibi kwa lugha yao, mama yake Baba Saitoti. Nilimkuta ameketi juu ya jerikeni, ugoro mdomoni, anamfokea kuku. Alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi viatuni.

"Uko na bwana?"

"Alikufa, Koko."

"Uko na ng'ombe?"

"Sina."

"Sasa uko na nini?"

Niligeuka tu nikamwonyesha wewe, umelala, mate yanakutoka. Koko alicheka mpaka ugoro ukamwingia vibaya, akakohoa. "Basi uko na kitu," akasema. Siku hiyohiyo akakupa jina la kwao, Nashipai, na mpaka anakufa hakuwahi kukuita Wangeci. Alikuwa anakuja kwetu bila kubisha, anaonja chakula changu sufuriani, anasema hakina chumvi, na anakula chote.

Alifariki wewe ukiwa nasari. Mahali pa kuzikwa alipachagua mwenyewe: pembeni mwa boma lao, upande wa chini, karibu kabisa na ua wetu. Alisema akilala karibu na Wakikuyu atasikia kelele, hatashikwa na upweke. Baba Saitoti na ndugu zake walichimba wenyewe. Unaujua udongo wetu huu mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia kwenye ufa, masika unanata kama ugali mbichi. Chini yake kuna mwamba. Wanaume wale waliupiga mwamba kwa mtaimbo tangu umande haujakauka, viganja vikachubuka wakavifunga vitambaa wakaendelea, ili mama yao alale ndani vizuri. Nilikuwa pale nikiwapikia chai. Niliona. Kumbuka kwamba niliona.

Sasa septiki. Kitengela hatuna mtaro wa serikali wa maji taka, kila mtu anajua mwenyewe. Yanayotoka chooni na jikoni yanaingia kwenye tangi la zege lililozikwa. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea, na maji ya katikati yanatoka kwa bomba kwenda kwenye mitaro iliyojazwa kokoto, mitaro yenye mabomba ya matundu. Kutoka pale ardhi inayanywa polepole, inayasafisha. Watu wanadhani tangi ndilo linafanya kazi. Tangi linashika tu. Kazi ni ya ardhi. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani ardhi ni mahali pa kutupa, na kwamba kitu kikishafunikwa kimekwisha.

Fundi aliyetuchimbia mitaro ile aliniambia siku ya kumaliza, huku ananawa mikono, "Mama, hii ni ya watu wawili, watatu. Na hii udongo yenu inakunywa pole pole. Ukiongeza watu, niite kwanza tuongeze mitaro."

Nikasema sawa. Sikumwita.

Wala sikuamka siku moja nikaamua kuharibu. Nataka uelewe hapo, kwa sababu mtu akisimulia kosa lake, linasikika kama lilikuwa na mlango na yeye akaufungua. Langu halikuwa na mlango. Nilijenga chumba kimoja cha kupangisha, kisha kingine, halafu nikaona upande ule umebaki mtupu nikaongeza viwili, maji taka ya vyote yakaingia kwenye tangi lilelile. Hoteli ilipochangamka nikawa narudi na masufuria nyumbani kuyaoshea hapa, maana pale mjini maji yalikuwa shida. Mafuta ya kukaangia, mafuta ya supu, yote nilimwaga na maji ya moto, yakashuka vizuri kabisa, nikafurahi. Mvua ya paa ilikuwa inanichimbia shimo mlangoni, nikamwambia kijana wa mabati aelekeze bomba la paa nyuma, kwenye mitaro, nikiamini mvua itaiosha. Maji ya bomba yalipokatika, boza la maji likawa linakuja kutujazia matangi, na njia fupi ya kuyafikia ilikuwa kupita juu ya mitaro. Dereva aliniuliza, "Mama, hapa chini kuna kitu?" Nikamwambia, "Pita tu, ni ngumu."

Na majirani wakiita lori la kunyonya, lile la eksosta, mimi nilikuwa nasimama langoni nimefunga leso, najisifu. "Yangu haijai. Tangu ijengwe haijai." Haikuwa inajaa kwa sababu tope lilikuwa limeshafika juu na linatoka, linaenda kwenye mitaro, linaziba kokoto moja baada ya nyingine. Miaka yote ile nilijivunia ugonjwa.

Ishara zilikuja taratibu. Ule mwaka wa kiangazi kikali, mbuzi wote wa hapa wakila karatasi, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mstari wa nyasi mbichi, ndefu, zinapendeza. Nilikata nikampelekea Baba Saitoti alishe ndama wake. Akanishukuru. Baadaye choo kikaanza kukoroma usiku. Halafu harufu. Niliita eksosta, likanyonya, tukapumua wiki moja, ikarudi. Nikaita tena, ikarudi upesi zaidi. Tangi likiwa tupu si dawa kama ardhi imefunga mdomo. Lakini mimi nilitaka mtu wa kulaumu.

Nikampata Mercy. Humkumbuki, alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, binti mdogo mwenye mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni pake mbele ya wapangaji wote nikamwambia anatupa nepi chooni. Akalia, akasema, "Mama, naosha za kitambaa, angalia kwa kamba." Na kweli zilikuwa kwenye kamba, zinapepea. Sikuziangalia. Nilimwambia ahame kabla ya mwezi kuisha, akahama. Tulipokuja kufukua, hatukupata nepi hata moja. Nimemtafuta Mercy, Wangeci. Nimeuliza Isinya, nimeuliza mpaka Kajiado kwenyewe. Namba yake haipatikani. Ukikutana na mtu anayeitwa hivyo, mwenye alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto, mwambie ninamtafuta.

Tumbo lako likaanza kukusumbua, ndipo nikakupeleka Laiser Hill. Mvua ya masika ikaingia siku chache baada ya hapo. Unajua udongo mweusi ukishiba mvua unavimba, nyufa zote zinafunga, hata tone moja haliwezi kupata pa kupita. Maji yetu hayakuwa na mahali pa kwenda chini, kwa hivyo yalitafuta pa kwenda pembeni. Na pembeni, upande wa mteremko, ni kwa Koko.

Baba Saitoti alikuja asubuhi, shuka imelowa, buti zimejaa tope. Hakukubali kuketi.

"Mama Wangeci, kaburi ya Yeyo imezama."

Nilisema pole kwa ajili ya kaburi la mama yake. Nilisema mvua ya mwaka huu ni mbaya.

"Si mvua," akasema. "Mvua imenyesha miaka yote. Kuna maji inatoka upande yako. Iko na harufu."

"Harufu ni ya mji mzima, Baba Saitoti. Tazama hiyo ploti ya ghorofa huko juu, wako watu wangapi? Wewe unaniona mimi tu kwa sababu mimi ndiye mjane hapa."

Alikuwa anatazama chini, na ninajua sasa alikuwa anatafuta maneno ya kunistahi. Akasema polepole, "Sijakuja kugombana. Nilikuwa nataka twende pamoja tuangalie."

Angesema jambo lolote lingine ningejitetea kwa njia nyingine. Lakini ile "twende pamoja" ilinitisha, kwa sababu nilijua nikienda nitaona. Nikamwambia neno ambalo ndilo linalonifanya niandike leo. Nikamwambia, "Pengine kaburi mlichimba fupi."

Mimi niliyewapelekea chai, nikaona vitambaa viganjani mwao.

Alivua kofia yake, akakung'uta maji, akaivaa tena, akaondoka. Nilifunga mlango nikaendelea kuchambua mchele.

Familia yao ilikwenda kwa chifu, na chifu akamwita afisa wa afya. Alikuwa kijana mpole, mwenye buti za mpira, hakuja na ukali wowote. Alituita pande zote mbili uani, akaonyesha mkebe wa unga wa rangi. Akaeleza kwamba unamwagwa chooni, unafuata maji popote yanapokwenda, na hauna madhara.

"Anza na ile ploti ya ghorofa," nikasema mbele ya wote.

"Nitaanza huko ukitaka, mama," akasema.

Akaanza huko. Tulisubiri, pakawa hakuna kitu. Siku zile nilitembea kichwa juu, kwa sababu nilidhani kama si wao basi si mtu. Halafu akaja kwetu, akamwaga ule unga kwenye choo changu, akaniambia nivute maji mwenyewe. Nikavuta.

Asubuhi ya pili nilikuwa nawasha jiko nikasikia sauti ya Baba Saitoti kutoka upande wa pili wa ua. Hakupaza.

"Mama Wangeci. Kuja uone."

Nilikwenda na kanga kiunoni, unga wa chapati mikononi. Walikuwa wamesimama pale, yeye, mkewe, na yule afisa. Mawe meupe waliyokuwa wamemwekea Koko yalikuwa yameinama katikati, na katikati ya mawe kulikuwa na maji. Maji ya kijani, Wangeci. Kijani kikali, si cha nyasi wala cha jani lolote ulilowahi kuona. Yalikuwa yanajikusanya pole pole, kama jasho.

Mama Saitoti alikuwa amejifunika mdomo kwa shuka. Mimi nilitafuta la kusema, na unajua sikosi la kusema. Nilitaka kuuliza kama afisa hakukosea. Nilitaka kusema pengine ile ya ghorofa imechelewa. Yote yalinijia mpaka kwenye ulimi.

Baba Saitoti akaniuliza, "Hii rangi ni ya kwako?"

"Ni ya kwangu," nikasema.

Basi. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kile kigoda cha jikoni, unga ukanikaukia mikononi, na jiko likazima lenyewe.

Jioni nilikwenda kwao. Mama Saitoti alinipokea, akanipa mkono na salamu, "Takwenya," nami nikaitikia, akanionyesha kiti. Mumewe alikuwa chumba cha ndani, nilisikia redio. Nilimwomba mkewe msamaha, nikamwambia na neno lile nililosema, maana sikujua kama mumewe alimweleza. Hakuwa amemweleza. Niliona uso wake ukibadilika mbele yangu. Nikagundua kwamba mwanamume yule alilibeba neno langu peke yake, ili mkewe na watoto wasinichukie. Redio ikazimwa. Hakutoka.

Tulifukua ile mitaro wiki iliyofuata. Afisa alikuwepo, na mafundi wawili. Chini ya njia ya boza mabomba yalikuwa yamelala bapa kama mkanda, na udongo umeshindiliwa mpaka sururu inadunda. Karibu na tangi kokoto zilikuwa zimejaa tope. Mbele kidogo, kokoto zilikuwa zimevikwa kitu cheusi, kinateleza, kimeganda. Fundi aliinua moja, akanusa, akageuza uso. Mimi nilijua harufu ile. Ilikuwa ya hoteli yangu. Ilikuwa supu ya Jumamosi, ilikuwa chipsi, ilikuwa kila sufuria niliyoiosha kwa furaha. Na ukuta wa mtaro, udongo wenyewe, ulikuwa umepakwa utando unaong'aa, maji hayawezi kupita hata ukitaka.

Nilimwuliza afisa, ni lipi hasa lililoharibu. Nilitaka aniambie boza, au mvua, au udongo. Nilitaka moja.

Akafikiri. "Ingekuwa moja, mama, hii ardhi ingevumilia," akasema. "Hata mbili. Ilivumilia sana."

Maneno yale sijayatoa kichwani. Nimeona baadaye kwamba hata watu ni hivyo. Mtu hakukatai siku ya kosa la kwanza. Anakunywa, anakunywa, wewe unamwona kijani juu unadhani anastawi.

Tulitengeneza upya. Udongo wetu ukiwa hautaki, ilibidi tuinue tuta la mchanga na kokoto upande wa juu, mbali na ua, na mitaro ikapita ndani ya tuta. Bomba la paa nikalielekeza kwenye tangi la kunyweshea sukumawiki. Boza likawa linasimama barabarani na kuvuta mpira mrefu. Masufuria yakabaki hotelini, na pale nikatengenezewa kisanduku cha kushika mafuta kabla hayajaingia kwenye bomba. Vyumba viwili nilivifunga, ndivyo ulivyovikuta. Eksosta inakuja kwa wakati wake, tangi lijae lisijae. Mitaro ya zamani tuliifunika tukaiacha. Ndiyo maana ulipotaka kujenga kibanda cha sungura pale nilikukatalia kwa ukali ambao hukuuelewa.

Lakini kaburi. Siku walipokuwa wanalitengeneza, nilichukua jembe langu nikavuka. Nilikuwa nimewaletea na changarawe nzuri, lori zima, imemwagwa kando. Baba Saitoti aliinua uso kutoka kazini. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile ya rangi.

"Changarawe tumepokea," akasema. "Wewe rudi."

"Baba Saitoti, niruhusu hata—"

"Hapana. Kwa kaburi umeshafika ya kutosha."

Nilirudi. Nilikaa upande wangu wa ua nikasikiliza makoleo yao mpaka wakamaliza, wakaimba wimbo mmoja wa kanisani kwa Kimaasai, wakatawanyika. Sikustahili kuwa pale, na bado nilitamani kuitwa. Hakuna aliyeniita. Nakuambia hili kwa sababu watu watakufundisha kuomba msamaha, lakini hawatakufundisha kwamba unaweza kuomba vizuri kabisa na usipewe, na asubuhi yake bado utaamka uende kazini.

Ukimya ule uliendelea miaka. Kanisani yeye upande ule, mimi upande huu. Tukikutana barabarani alinisalimu, maana si mtu wa kukosa adabu, lakini ilikuwa salamu ya watu wasiojuana. Wewe hakukugusa. Ulikuwa unaruka ua kwenda kucheza na Saitoti, unarudi na maziwa mdomoni, na siku moja nilipokukataza, Mama Saitoti alikuja kuniambia mumewe amesema mtoto hana neno naye. Uliishi kati ya nyumba mbili zisizosemezana na hukujua. Ilikuwa zawadi yao kwako. Si yangu.

Mwaka ule ulipokwenda chuo, Saitoti alianza kujenga nyumba ya mawe pale kwao, yenye choo cha ndani. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mahindi nikamwona Baba Saitoti langoni. Si kwenye ua, langoni, kama mgeni. Nilisimama. Alikuwa amezeeka pale mbele yangu na mimi sikuwa nimeona.

"Hodi, Mama Wangeci."

"Karibu."

Alitazama tuta, akatazama mahali pa mitaro ya zamani. Akasema, "Kijana anajenga. Fundi wake anasema mitaro inapita upande wa chini. Mimi nimekataa. Nikasema nitauliza yule anajua."

"Mimi sijui, Baba Saitoti. Mimi niliharibu."

"Ndio," akasema. "Nionyeshe vile uliharibu."

Nikamwonyesha, mwanangu. Nilimtembeza hatua kwa hatua. Hapa ndipo boza lilipita. Hapa ndipo bomba la paa liliingia. Huku ndiko nyasi ziliota mbichi, zile nilizokata kwa ajili ya ndama wake. Nikamwambia vyumba, nikamwambia mafuta, nikamwambia lori la kunyonya nililolicheka. Nikamwambia na Mercy. Aliuliza maswali mazuri, anaweka mguu chini anapima umbali, anaangalia mteremko. Sijawahi kufundisha mtu jambo lolote kwa makini kama siku ile, na kila nilichofundisha kilikuwa aibu yangu.

Tulipomaliza, nilimwambia, "Na lile neno la kaburi."

Akainua mkono, si kwa hasira. "Hiyo neno iko. Sijasahau. Nikishika mtaimbo hata leo naisikia." Akatazama upande wa kwao kwa muda. "Sikuja kuitoa. Nimekuja tu juu ya choo ya kijana."

"Sawa," nikasema.

"Chai iko?"

"Iko."

Akaingia. Akavua kofia, akaketi kwenye kile kiti cha dirishani, akanywa vikombe viwili, na tukazungumza habari za bei ya nyasi na mvua iliyokataa Isinya. Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza. Tangu siku ile anapita langoni.

Hayo ndiyo nilitaka ujue kabla hujaondoka. Unakwenda kuishi kati ya watu wasiokujua, Kimana, kwenye shamba la mtu, maji ya mtu, watoto wa mtu. Siwezi kukuombea usikosee. Nimejaribu kukuombea hivyo nikaona ni maombi ya uongo, kwa sababu wewe ni mtoto wangu na utachoka, na utaharakisha, na utamwaga mambo mahali usipoona yanakokwenda. Ninachokuombea ni kwamba siku mtu atakapokuja mlangoni kwako na tope miguuni aseme, "Twende pamoja tuangalie," uwe na nguvu ya kuvaa viatu. Mimi sikuwa nazo. Ningekwenda naye asubuhi ile, lingekuwa jambo la bomba tu.

Kesho kabla gari halijafika utavuka kwenda kuwaaga. Baba Saitoti atakushika kichwa akuombee, kama afanyavyo, na Mama Saitoti atakulazimisha kunywa maziwa hata ukisema umeshiba. Kunywa. Usiwaambie nimekuandikia. Ila sasa, ukiinamisha kichwa chini ya mkono ule, ujue ni mkono wa nani.

Mama yako,
Nyambura